Ubao wa Kilo Themanini Haufuati Mashine

(Maneno haya yalisemwa Tabata, Dar es Salaam, mbele ya mafundi seremala na watu wanaofanya kazi ya mbao nyumbani kwao. Yameandikwa karibu kama yalivyosemwa.)

Shikamooni wazee wangu. Vijana, habari za asubuhi. Asalaam aleykum, Bwana Yesu asifiwe, na mlio juani sogeeni huku chini ya mabati, jua la mji huu saa tatu tu limeshakuwa kali.

Nimeombwa niseme juu ya kazi moja: kunyoosha ubao mkubwa na mzito, uliotoka kwenye msumeno haujawahi kuonja randa, na kuunyooshea nyumbani, uani, bila karakana kubwa. Huu uliolala hapa mbele yenu ni mninga. Urefu wake mita 2.4, upana sentimita 80, unene milimita 70. Mninga mkavu una uzito wa karibu kilo 640 kwa mita moja ya ujazo, kwa hiyo mnaona hapa kilo 86 hivi. Ungekuwa mkongo, ambao unakaribia kilo 800 kwa mita ya ujazo, tungepita kilo 100. Na ubao mbichi usiseme, maji peke yake ni mzigo.

Nimeanza na uzito kwa sababu uzito ndio unaoamua mengine yote. Ubao mdogo unaushika mkononi, unausukuma juu ya mashine, mashine inautii mkono wako. Huu hausukumiki. Ukishalala umelala, na chombo ndicho kitakachoufuata. Kwa hiyo kazi kubwa iko katika namna unavyoulaza na namna unavyousoma kabla ya kisu chochote kuugusa. Kuranda kwenyewe ni kibarua. Mtu yeyote mwenye nguvu na kisu kikali anaranda.

Najua wapo hapa wanaojiuliza shida yote hii ya nini. Si upakie kwenye kirikuu, upeleke kwenye mashine za Keko au Buguruni, ulipe, urudi na ubao uliorandwa? Swali zuri, acha nilijibu mapema. Ile mashine inayomeza ubao upande huu na kuutema upande wa pili haijui kunyoosha. Kazi yake ni kuufanya ubao uwe na unene mmoja mwanzo hadi mwisho, basi. Roli zake zinaukandamiza ubao uliopinda hadi unalala, kisu kinapita, ubao unatoka upande wa pili, unajirudia. Umeingiza ubao mnene uliopinda, umepata ubao mwembamba uliopinda, unang'aa vizuri, na pesa umelipa. Ubao mnene kama huu haukandamiziki sana, kweli, lakini hapo unayumba juu ya meza ya mashine na matokeo hayana tofauti. Ukishanyoosha upande mmoja mwenyewe, ndipo mashine hiyo inakuwa rafiki: upande ulionyooka unalala chini, wa juu unafuata. Ila pima mdomo wa mashine kwanza. Nyingi zilizopo mitaani hazipokei sentimita 80.

Kabla ya kulaza, niseme mawili ya haraka.

La kwanza, kata. Kama mteja anataka meza ya mita moja na nusu, usinyooshe ubao wa mita tatu. Ubao wa mita tatu uliopinda kama upinde wa milimita 20 katikati, ukiukata nusu kwa nusu, kila kipande kinabaki na upinde wa milimita 5 tu. Urefu ukigawanywa kwa mbili, upinde unagawanyika kwa nne. Hiyo ni hesabu inayookoa mbao nyingi kuliko randa yoyote mtakayonunua. Acha sentimita chache kila upande kwa ajili ya nyufa za kichwani, halafu kata bila huruma.

La pili, ukavu. Wahenga wanasema samaki mkunje angali mbichi. Kwa samaki sawa. Ubao mbichi ukiunyoosha leo umejitafutia kuunyoosha tena mwezi ujao, kwa sababu unapokauka hausinyai sawasawa pande zote. Kuzunguka kufuata pete za mti, unasinyaa karibu mara mbili ya unavyosinyaa kuelekea moyoni. Ndiyo maana ubao uliopasuliwa pembeni mwa gogo unabonyea upande uliotazama gome na kutuna upande uliotazama moyo. Si laana, wala si kwamba mpasuaji alikuibia. Mninga una sifa ya kusinyaa kidogo sana, na hiyo ni sababu moja ya bei yake. Mwembe, huu tunaoukata kwenye viwanja vyetu tukitaka kujenga, hauna subira hiyo, na bungua wanaupenda kabla haujakauka.

Na ukavu wa Dar una mpaka wake. Hewa yetu ya pwani ina unyevu mwingi, na ubao uliokaa kivulini muda wa kutosha utatulia kwenye asilimia 14 hadi 16 za maji. Hapo haushuki tena, hata usubiri miaka kumi. Meza hiyo ukiipeleka kwenye ofisi yenye kiyoyozi mchana kutwa, au ukiipakia kwenda Dodoma, ambako siku hizi oda nyingi zinakwenda, itaanza kukauka upya na kujinyonga, pembe moja juu na nyingine chini, ikiwa kwa mwenyewe. Fundi anayepokea oda ya Dodoma aongeze unene wa akiba, na miguu aifunge kwa matundu marefu yanayoruhusu ubao kusinyaa, asiikazie skrubu kama anafunga jeneza.

Sasa tuulaze.

Mama zetu hawakuwahi kuhangaika na sufuria inayoyumba, kwa sababu mafiga ni matatu. Vitu vitatu hukaa imara hata ardhi ikiwa mbaya. Cha nne ndicho kinacholeta ugomvi. Ubao uliojinyonga ukiuweka juu ya boriti mbili unagusa pembe mbili tu za mshazari na kucheza, na ukiuranda hivyo, kila ukisukuma upande mmoja unazama na mwingine unainuka. Utaranda mchana kutwa, na jioni umeuhamisha upindo, hujauondoa. Kwa hiyo panga sehemu tatu za kukalia: mbili kichwa kimoja, moja katikati ya kichwa cha pili. Ubao utulie wenyewe. Halafu chukua kabari nyembamba, ziingize chini ya pembe zilizobaki na chini ya katikati, kwa kidole, si kwa nyundo. Kabari inatakiwa iguse na kuzuia. Ikiukunja ubao umeshauharibu mpango, kwa sababu ukija kuitoa ubao utarudi ulikokuwa.

Boriti zenyewe zikae juu ya matofali ya saruji. Atakayetumia randa ya mkono aweke chini, usawa wa goti na juu kidogo, ili uzito wa mwili ufanye kazi. Wa ruta, ile mashine ya mkono inayozungusha kisu kiitwacho biti, aweke usawa wa kiuno, asije akaamka kesho hana mgongo. Na usiulaze ubao moja kwa moja kwenye sakafu ya saruji, hata kwa usiku mmoja. Upande wa chini utanyonya unyevu, wa juu utakauka, na asubuhi utakuta ubao mwingine.

Kuusoma kunataka vijiti viwili vilivyonyooka, vyenye kimo kilekile, virefu kuliko upana wa ubao. Wengine wanavichonga kwa mtiki mkavu. Mimi naona mtu asijisumbue: nenda kwa mafundi wa madirisha ya alumini, omba vipande viwili vya mabaki vya mita moja moja. Vimenyooka, havinywi maji, na bei yake ni ya soda. Kimoja kipake rangi nyeusi. Weka cheusi kichwa cha mbali, cheupe kichwa cha karibu, chuchumaa, fumba jicho moja, tazama juu ya kingo za vyote viwili. Kama vinakwenda sambamba, ubao haujajinyonga. Kama kimoja kinapanda kulia, umeuona ugonjwa, na kwa sababu vijiti ni virefu kuliko upana wa ubao, ugonjwa unaonekana mkubwa kuliko ulivyo. Ndiyo faida yake.

Mzee pale anatikisa kichwa, anasema pima maji inatosha. Mzee wangu, pima maji itakuambia ubao uko sawa na dunia. Hatuna haja na dunia hapa. Meza itakwenda kwenye nyumba ambayo sakafu yake huijui. Tunachotaka ni ubao uwe sawa na wenyewe, kichwa na kichwa. Ila ukiwa na pima maji mbili zinazofanana, ndefu, ziweke kama vijiti, utapata jibu lilelile.

Hapa sasa nikae kidogo, maana hapa ndipo mbao nyingi zinapotea.

Tuseme ubao huu, ukikalia pembe tatu, pembe ya nne imeinuka milimita 12. Fundi mwenye haraka anaiona pembe hiyo ndiyo mkosaji, anaikata milimita 12 zote. Akigeuza, upande wa chini nao una upindo uleule, ila sasa pembe hiyo ndiyo bonde, anakata milimita 12 kwenye pembe tatu nyingine. Ubao wa milimita 70 umebaki 58. Sasa fanya hivi: kabla ya kuranda, sukuma kabari hadi upindo ugawanyike, pembe mbili za mshazari zipande milimita 3, mbili nyingine zishuke milimita 3. Hujaukunja ubao, umeuzungusha tu ulivyolala. Sasa sehemu ya juu kabisa na ya chini kabisa zinaachana milimita 6 badala ya 12. Utakata 6 kwenye pembe mbili, kidogo katikati, na ukigeuza vivyo hivyo. Unabaki na ubao wa milimita 64. Milimita sita za mninga kwa upana huu wote, kwa bei ya leo, kila mmoja hapa anajua maana yake. Na umezipata kwa kuchuchumaa na vijiti viwili vya alumini.

Ukishapata mkao huo, piga mstari wa kalamu kuzunguka kingo zote nne, ukipimia kwenye uzi uliovutwa. Mstari ndio mpaka. Chora pia mistari ya chaki juu ya uso mzima, ovyo tu. Chaki iliyobaki itakuonyesha bonde liko wapi.

Kwa randa ya mkono, usianze kufuata urefu. Hilo ni kosa la wengi wanaojifunza, kwa sababu video wanazotazama zinaonyesha maranda marefu yanayotoka kama utepe, wanadhani ndiyo kazi. Hiyo ni mwisho wa kazi. Mwanzo, randa fupi yenye kisu kilichonolewa kwa mviringo kidogo, unakata ukikatiza upana wa ubao, kutoka ukingo huu hadi ule. Inatoa vipande vinene, vibaya, inachana, na haikuchoshi sana kwa sababu nyuzi za mbao zinaachia kirahisi ukizikata kwa upande. Ukingo wa mbali utamomonyoka, kwa hiyo ulaze kona yake kwanza kwa randa. Ukikaribia mstari, badili uende mshazari, kulia halafu kushoto. Mwisho kabisa chukua randa ndefu, ya nusu mita au zaidi, ufuate urefu. Randa fupi inapanda na kushuka na mabonde, haiyaoni. Ndefu inavuka juu yake na kugusa vilima tu, hadi siku vilima vinapoisha.

Mninga unakubali. Mvule na mkongo nyuzi zake zinabadilika mwelekeo kila vidole viwili, huku laini, huku inang'oka. Hapo kisu kinolewe tena, na tundu la randa libanwe liwe jembamba. Mvule una jambo jingine: ndani yake kuna vijiwe vya chokaa, vigumu kweli, na ukivigonga kisu kimekwisha. Mtiki hauna vijiwe lakini una mchanga mchanga wa silika unaokula makali polepole. Atakayefanya mbao hizo aweke kinoo karibu na maji ya kunywa.

Wenye ruta, nanyi msinune. Ruta inaweza, hata kwa ubao unaokataa randa. Unatengeneza reli mbili pembeni mwa ubao, ndefu kuliko ubao, na kitanda kinachokatiza juu yake, ruta inateleza ndani ya kitanda huku na huko. Reli ninazozipenda ni bomba za chuma za pembe nne, zile za mageti, kwa sababu zimenyooka na hazivimbi masika. Lakini reli mbili zilizonyooka zinaweza bado kuwa zimejinyonga zenyewe kwa wenyewe, moja inapanda mbele, nyingine nyuma, na ruta itakunakilia upindo huo kwenye ubao kwa uaminifu mkubwa. Vuta nyuzi mbili za mwashi kutoka pembe hadi pembe, mshazari, zikatane katikati. Pembe zote nne zikiwa kwenye usawa mmoja, nyuzi zitagusana kwa shida, moja juu ya nyingine. Zikiachana, au moja ikiikandamiza ya pili, rekebisha reli. Badili kisha uzi wa juu uwe wa chini, upime tena.

Kitanda kifanye kiwe na kuta ndefu, sentimita 8 hadi 10. Plaiwudi peke yake ya milimita 18, ukiitandaza karibu mita moja na kuweka ruta katikati, inalegea, na utapata meza yenye bonde refu katikati, ukijiuliza limetoka wapi.

Biti ya milimita 50 inatosha kwa ubao huu, na kwa upana huo punguza mizunguko ya ruta, usiiache kwenye kasi ya biti ndogo. Kata milimita 2 kwa mpito, ukisukuma kinyume na mwelekeo wa kisu, maana ukienda nacho kitakuvuta mikono. Mpito mmoja ukiulalia mwingine, unasogea milimita 40 kila mara. Mita 2.4 ni mipito 60 kwa tabaka moja. Matabaka matatu, mipito 180, upande mmoja. Kwa hiyo anayewaambia ruta ni njia ya uvivu hajawahi kuisukuma. Na umeme ukikatika katikati, zima swichi ya ruta kabla hujaondoka. Umeme ukirudi usiku wakati umesahau, ruta itaanza yenyewe.

Vumbi. Nitalisema kwa ukali kidogo. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliweka vumbi la mbao kwenye kundi la visababishi vya saratani vilivyothibitika mwaka 1995, na inayotajwa hasa ni saratani ya pua na mashimo yake. Si ya mti mmoja, ni vumbi la mbao. Vumbi la mvule na la mninga linawasha ngozi na kubana kifua kwa watu wengine siku hiyohiyo, wala hawasubiri miaka. Ruta inatoa vumbi jingi kuliko randa, mara nyingi zaidi. Kanga iliyofungwa puani haizuii vumbi laini. Nunua barakoa ya kweli, na fanyia kazi uani upepo ukiwa mgongoni, sio ndani ya chumba ambamo watoto watalala. Jirani naye ana nguo kambani, mwambie kabla.

Kugeuza. Kilo 86 si za mtu mmoja, hata awe nani. Watu wanne, na matairi mawili ya gari yaliyolazwa chini. Inueni ubao usimame kwa ukingo, juu ya tairi, pumzikeni, badilini mikono, ushusheni upande wa pili taratibu. Asiwepo mtu upande unaoshukia. Kama mko wawili, subirini wengine wawili.

Lakini msigeuze siku hiyohiyo mkamaliza. Ukiondoa milimita kadhaa upande mmoja umefungua mbao mpya, yenye unyevu tofauti na ile ya nje, na ubao utajisogeza. Usimamishe kwa ukingo, kivulini, hewa ipite pande zote mbili, kwa wiki moja au mbili, na wakati wa masika zaidi. Ndiyo sababu sipendi mtu afike kwenye mstari wa mwisho mara ya kwanza. Acha milimita 2 za akiba upande huu, toa karibu kiasi kilekile upande wa pili, usimamishe tena, halafu ndipo umalizie. Ubao unaokatwa upande mmoja tu utakudai.

Na upande wa chini wa meza, jamani, nani anautazama? Chini panahitaji kunyooka pale miguu inapofungwa, sehemu mbili au tatu tu. Pengine acha alama za msumeno. Wateja wengine hata wanapenda kupapasa wakazikuta.

Kuna kijana aliniandikia kikaratasi hapa: atoze vipi? Usitoze kwa kuangalia ubao, tozea baada ya kuusoma kwa vijiti, mbele ya mteja, yeye mwenyewe achuchumae aone. Muulize risiti na hati ya kusafirishia mazao ya misitu, hasa kama ni mninga au mkongo, usije ukakutwa na ubao wa mtu usio na karatasi kwenye ua wako. Kisha kwenye makubaliano andika unene wa mwisho, si wa mwanzo: milimita 62 ukimaliza, kwa mfano, na siyo "ubao wa inchi tatu". Siku za kuusimamisha ziandike pia, ili asije kupiga simu Ijumaa akiulizia meza ambayo bado inapumua ukutani.

Haya, nawahitaji wanne wenye migongo mizima, na mmoja alete vile vijiti.